Siku Moja Maishani Mwangu: Jumatano ya Mwalimu wa Uandishi Chuoni

Saa 10:40 alfajiri

Nakaa Tabata. Nikichelewa kutoka hata robo saa, foleni ya Barabara ya Mandela inanimaliza. Lakini leo nimeamka mapema kwa sababu nyingine: karatasi tisa za wanafunzi wa kundi la saba zilizobaki mezani jana baada ya usingizi kunishinda. Niliwaahidi wenyewe kuwa leo wanazipata. Karatasi ikikaa wiki tatu kwa mwalimu, maoni yanamkuta mwanafunzi ameshasahau alichotaka kusema.

Nafundisha stadi za mawasiliano, kozi ya lazima kwa mwaka wa kwanza, katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Muhula huu darasa lina wanafunzi 420. Nikisoma kila karatasi kwa dakika kumi, hizo ni saa 70 kwa zoezi moja. Kwa hiyo nimewagawa makundi 12 ya watu 35. Kila wiki kundi moja linaniletea kazi ndefu ninayoisoma mstari kwa mstari, na mengine yanasomeana kazi zao kwenye semina. Hapo kila mmoja anasomwa na mimi kwa utulivu mara moja tu kwa muhula mzima. Haitoshi, na nitalisema hilo leo kwenye kikao.

Saa 2:00 asubuhi

Ukumbini. Dakika kumi za kwanza projekta imezimwa, simu ziko kwenye mabegi, kila mtu na kalamu yake. Swali la leo: mweleze mama yako kwa nini umechagua kozi unayosoma. Lugha ni hiari, Kiswahili au Kiingereza.

Nilianza utaratibu huu baada ya kazi za nyumbani kuanza kuja safi kupita kiasi, hazina kosa hata la nukta, na zote zinafanana kama zimetoka tumbo moja. Akili mnemba imeandika. Sijaipiga marufuku, na wengine naona inawasaidia kusahihisha viambishi vya Kiingereza. Ila mtu ambaye hajawahi kuijenga aya kwa mkono wake, akahangaika nayo na kuifuta, hana macho ya kuona kwamba aliyoandikiwa ni tupu. Atasaini barua asiyoielewa. Kesho atakuwa ofisa, atasaini mkataba.

Napita kati ya viti. Binti mmoja ameandika kwa Kiswahili kwamba alichagua uuguzi kwa sababu bibi yake alipolazwa hakuna aliyewaeleza anaumwa nini, na akiwa muuguzi yeye ataeleza. Ni mistari mitano tu, na imenyooka. Namwomba aisome kwa sauti, na ukumbi mzima unatulia.

Saa 4:00 asubuhi

Ofisini tunakaa wanne, kwa hiyo wanafunzi nawaonea nje, kwenye kimbweta chini ya mwembe. Wa kwanza ni kijana wa uhandisi, mwaka wa tatu. Nilimfundisha akiwa mwaka wa kwanza. Ripoti yake ya mradi inahusu mafuriko ya Jangwani, eneo la bondeni hapa jijini, na msimamizi wake ameirudisha na neno moja jekundu: andika upya. Hakumwambia nini kiandikwe upya.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Nisomee ukurasa wa kwanza."

Anasoma. Maji ni uhai. Tangu kuumbwa kwa ulimwengu binadamu ametegemea maji. Kisha maana ya maji, maana ya mafuriko, maana ya miundombinu. Kurasa mbili nzima, na Jangwani hatujafika. Simlaumu. Ndivyo alivyofundishwa kuandika insha za GS (General Studies, somo la maarifa ya jumla) kidato cha sita: fafanua kila neno la swali, kisha taja hoja sita. Mtihani ulimpa alama kwa njia hiyo, naye akaishika.

Nafunga ripoti. "Sasa niambie kwa Kiswahili. Ulikwenda Jangwani?"

"Nilikwenda mara nne, madam. Mara mbili wakati wa masika."

"Uliona nini?"

Anafikiri kidogo. "Watu wanasema makalavati, zile njia za maji chini ya barabara, ni madogo. Mimi nilipima. Si madogo. Yamejaa mchanga na taka, zaidi ya nusu. Mto Msimbazi unashuka na mchanga, ukifika pale kwenye tambarare maji yanapungua kasi, mchanga unatua. Mkijenga kalavati kubwa bila kuzibua, na lenyewe litajaa."

"Hiyo iko ukurasa wa ngapi?"

Anafungua, anatafuta. Ukurasa wa 31.

Nampa kalamu. Namwambia aandike alichoniambia, vilevile, kwa Kiswahili, kisha tukipeleke kwenye Kiingereza sentensi moja moja. Dakika arobaini zinakwisha kwenye aya moja. Neno "kutua" kwa mchanga linatusumbua. Anakumbuka neno la kitaalamu ambalo amelisoma miaka mitatu na hajawahi kulitumia kwenye sentensi yake mwenyewe. Tunafuta "ni muhimu sana" mara tatu. Mwisho anaisoma aya, na anakaa wima kwenye kimbweta.

Kijana huyu alikuwa anajua anachokisema tangu siku aliyopima kalavati. Hakuna aliyekuwa amekaa naye kumuuliza.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie nyuma ya hosteli. Jirani yake kuna steshenari, na foleni ni ndefu; wiki ijayo ripoti zinakusanywa. Humo ndani kwenye kompyuta kuna ripoti za miaka iliyopita, na unaweza kununua moja ukabadilisha jina. Chuo kina programu ya kompyuta ya kukagua kunakili, nayo inatoa asilimia ya maneno yanayofanana na kazi nyingine. Wanafunzi wameshajua kubadilisha neno hapa na pale hadi asilimia ishuke. Ikishuka, ripoti inapita, na aliyeikabidhi bado hajui kuandika.

Saa 8:30 mchana

Kikao cha idara. Ajenda ya tatu ndiyo iliyonileta: pendekezo kwamba mtihani wa mwisho wa kozi yangu uwe wa kuchagua majibu mtupu, kwa sababu ya wingi wa wanafunzi. Naelewa uchovu uliolileta. Lakini tutakuwa tunampa mtu alama A ya uandishi bila kuandika hata sentensi moja.

Mzee wetu mmoja, profesa aliyekaribia kustaafu, anakumbusha kwamba jambo hili ni la zamani. Wanafunzi wetu wengi walisoma shule ya msingi ya serikali miaka saba kwa Kiswahili, walipoingia kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Haikuwa hivyo. "Tunapokea," anasema, "watu waliozoea kunakili ubaoni kwa lugha wasiyoimiliki, halafu tunawapa muhula mmoja."

Nakubaliana naye, ila sitaki tukae tukisubiri sera. Natoa ombi langu. Kozi moja ya mwaka wa kwanza haiwezi kubeba mzigo huu peke yake. Kila programu ya shahada ichague kozi moja kila mwaka ambamo mwanafunzi ataandika ripoti kwa rasimu mbili: ya kwanza inasomwa na kurudishwa na maoni, ya pili ndiyo inapewa alama. Mhandisi asomwe na mhandisi, mhasibu na mhasibu, maana mimi sijui ripoti nzuri ya ukaguzi wa hesabu inaanzaje. Sisi wa mawasiliano tukae na walimu hao tuwaonyeshe namna ya kutoa maoni zaidi ya "andika upya".

Mwenzangu anauliza nani atalipa muda huo. Swali ni la haki. Najibu kwamba hata sasa tunaulipa, wasimamizi wa mwaka wa tatu wanapokesha wakiandika tasnifu za watu wengine. Mkuu wa idara anakubali kulipeleka pendekezo langu kwenye kamati ya skuli, yaani kitivo chetu. Suala la mtihani limeahirishwa.

Saa 10:30 jioni

Kundi la saba. Narudisha karatasi 35 na sitaji alama. Alama nitazitoa wakishasahihisha. Nikizitoa kwanza, hakuna anayesoma maoni. Leo kila mmoja anachagua sentensi yake moja mbovu na kuiandika tena mara tatu. Kuna minong'ono ya kuchoka, halafu kimya, halafu kalamu.

Saa 3:00 usiku

Watoto wamelala. Kwenye simu kuna barua pepe ya kijana wa Jangwani, rasimu mpya ya sura ya kwanza. Sentensi ya kwanza ni ya makalavati. Vipimo vyake viko ukurasa wa kwanza, na tarehe alizokwenda. Aya ya pili inarudi palepale: maji ni uhai.

Nampigia mstari aya ya pili, pembeni naandika: "Hapa umeondoka Jangwani. Rudi. Njoo Ijumaa saa nne, kimbweta kilekile."