Mbu Mzee Ana Mvi?

Msimamizi wangu alinipa dakika kumi na sharti moja: wasikilizaji si wanasayansi. Ilikuwa siku ile chuo kinapofungulia watu milango, na ukumbi wa mihadhara ulijaa wazazi, wanafunzi wa sekondari na wengine walioingia kukimbia jua tu. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nimeandaa slaidi kumi na nane. Kumi na nane kwa dakika kumi! Nani alinituma?

Ya tatu ilikuwa grafu. Niliposema "uwiano wa mbu waliokwishataga katika sampuli," nikasikia kiti kikilia nyuma, mtu anatoka. Mwingine akamfuata. Nikaharakisha hadi kwenye sentensi niliyoidhani nyepesi, kwamba anayeambukiza malaria ni mbu mzee.

Mama mmoja wa mstari wa mbele hakungoja muda wa maswali. "Mwanangu, huyo mbu mzee unamjuaje? Ana mvi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze, lakini swali lake ndilo lililokuwa utafiti wangu wote. Miezi minane nilikuwa nikilijibu kwa lugha ambayo hata mimi mwenyewe nikitoka maabara siisemi.

Nikazima projekta.

Nikawaambia mbu dume hana habari na damu ya mtu. Jike ndiye anayeihitaji, mayai yake yakomae. Anofelesi, yaani mbu wa malaria, akimuuma mgonjwa hufyonza vimelea, lakini siku hiyo hawezi kumwambukiza mtu. Vimelea hukua kwanza kwenye ukuta wa tumbo lake, ndipo vihamie kwenye tezi za mate, na safari hiyo huchukua siku 10 hadi 14 hivi. Penye baridi, zaidi. Mbu wengi hufa kabla haijaisha.

"Chukueni mbu 100," nikasema. "Kila siku afe mmoja katika kila kumi. Siku ya 12 wamebaki 28. Sasa wafe wawili katika kila kumi." Kijana mmoja alikuwa ameshatoa simu anapiga hesabu. "Wanabaki saba," akasema, kama haamini. Ndiyo maana chandarua chenye dawa kinasaidia hata kisipomaliza mbu wote: kinawanyima uzee.

"Na mvi?" Mama hakuwa amesahau.

Mvi zake ziko tumboni, nikamwambia. Mbu hupasuliwa kwa sindano chini ya hadubini, ovari zake zikatolewa kwenye tone la maji na kuachwa zikauke. Juu yake kuna mirija ya hewa, myembamba kuliko unywele. Kwa mbu ambaye hajataga, ncha zake zimejiviringisha kama vifundo vya uzi. Mayai yakikua huinyoosha, na ikishanyooka hairudi tena. Njia hii ilielezwa na mwanasayansi wa Kisovieti, Tatyana Detinova, katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1962, na bado tunaitumia.

"Kama lastiki ya soksi," mama akasema.

Miezi minane, na mfano huo haukunijia hata siku moja.

Baada ya kikao alikuja mezani nilikoweka hadubini. Nilikuwa na slaidi mbili za kioo, moja ya kila aina, na sikumwambia ipi ni ipi. Akavua miwani, akafumba jicho moja, akanyamaza muda mrefu hadi foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika.

"Huyu bado," akasema. Nikabadilisha kioo. "Huyu ameshazaa."

Alipatia yote mawili. Nikampongeza, nikamnyooshea mkono aliyefuata kwenye foleni, lakini mama hakubanduka.

"Amezaa mara ngapi?"

Hilo njia yangu haikuweza kulijibu. Ndilo lililokuwa sura ya nne ya tasnifu, ile niliyokuwa nikiikwepa tangu mwaka uanze.