Ukitoka steshenari na flashi yako

Jamani watu mnaniuliza sana mnunue antivairasi gani, jibu langu huwa linawaudhi: msinunue. Kama una Windows 10 au 11 tayari Defender, antivairasi ya Microsoft wenyewe, imo humo humo, bure, we iache tu iwake na iapdeti.

Mtu wa Pasua au Majengo hapa Moshi hana hacker wa Urusi anayemvizia usiku, vairasi anaupata steshenari. Umeenda kuprinti CV, flashi inachomekwa kwenye kompyuta ambayo tangu asubuhi imechomekwa flashi za nusu ya mji, ukirudi home mafolda yote yamekuwa shotikati. Hapo wengi wanapaniki wanafomati, kumbe mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Usizibonyeze hizo shotikati, ndo zinazouamsha huo vairasi. Skani flashi na kompyuta kwa Defender kwanza, halafu fungua Command Prompt (lile dirisha la kuandikia amri), kama flashi inasoma E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* piga Enter subiri, mafolda yanarudi, ndo ufute shotikati. Mimi siku hizi CV namtumia mwenye duka WhatsApp, flashi haitoki nyumbani.

Halafu hawa mafundi wa kukuwekea Office ya kukraki kwa hela ya soda... ile programu inakwambia uzime antivairasi kwanza ndo uiinstoo, sasa mgeni anayetaka ufunge mbwa kabla hajaingia we unamwelewaje? LibreOffice ni ya bure na barua ya maombi ya kazi inaandika vizuri tu.

Na msizime apdeti eti bando linaisha, tumieni bando la usiku. Ule vairasi wa WannaCry ulivyosambaa Mei 2017 mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya watu, Microsoft walikuwa wameshatoa dawa yake Machi, ila kompyuta kibao zilikuwa hazijaapdetiwa. Windows 10 yenyewe sapoti ya kawaida iliisha 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine yako inaweza 11 hamia, kama haiwezi cheki ile ESU, mpango wa Microsoft wa kuongeza muda wa apdeti za usalama.

Picha za send-off na za marehemu bibi kopi kwenye hard disk ya nje, ukimaliza chomoa uweke kabatini, maana ransomware (vairasi inayofunga mafaili yako halafu inadai hela) ikiingia inafunga mpaka diski iliyochomekwa.