Ndege ya Dada

Jumapili usiku, mvua ya masika

Mvua haijakatika tangu alasiri, na umeme umeshazimika mara mbili. Nimewasha kandili. Jana nilikwenda kijijini Marafa, na tangu nirudi moyo haujatulia, basi bora niandike.

Safari ya jana ina chanzo chake. Wiki iliyopita niliandikiwa ujumbe na dada mmoja Muitaliano aliyewahi kujitolea katika kituo chetu cha watoto. Anataka kurudi Desemba. "Niambie, mama, watoto wananihitaji?" Nimeusoma ujumbe huo kila siku bila kuujibu. Najua anauliza kwa moyo safi, na ndiyo maana sitaki kumpa jibu la haraka.

Kwa miaka sita nilikuwa mlezi katika kituo cha watoto hapa Malindi. Kituo chenyewe sikitaji. Watoto walituita mama sote, hata mpishi. Tulikuwa walezi wanne kwa watoto ishirini na saba.

Anayeijua Malindi anaijua misimu yake. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba, hoteli na majumba ya upande wa Casuarina hujaa Waitaliano. Julai na Agosti hujaa tena. Masika yakiingia milango hufungwa, na vijana wengi wanaotegemea wageni hukaa bila kazi. Watoto wetu nao walilelewa kwa misimu hiyo hiyo. Desemba kila mmoja alikuwa na mgongo wa kubebwa na paja la kukalia. Mei hakuna aliyebebwa, kwa sababu sisi wanne tulikuwa jikoni, kisimani, kwenye karo la kufulia, au tunampeleka mgonjwa hospitali.

Wageni walikuwa wa aina nyingi. Kuna waliokaa wiki mbili, kuna waliokaa miezi miwili. Wengine walikuja mara moja tu, asubuhi magofu ya Gede na mchana kwetu, na watoto tukawapanga waimbe. Niliwapanga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikawafuta kamasi kwanza.

Kiwanja cha ndege hapa kiko karibu na mji. Ndege ikipaa, watoto waliokuwa uani waliacha mpira wakasimama, wakapunga mikono na kupiga kelele: "Ndege ya dada! Ndege ya dada!" Kwao mgeni wa kike ni dada, wa kiume ni kaka, na ndege yoyote iliyopita juu ilikuwa imembeba mmoja wao. Miaka ya mwanzo nilicheka nao, nikapunga nami. Sikuwa nimeelewa kuwa mtoto wa miaka minne alikuwa akijifunza pale uani kwamba anayekupenda lazima apande juu na kutoweka.

Sasa nije kwa Kitinda. Jina lake si hilo. Nilimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Alikuja mwishoni mwa 2021, wakati wa ule ukame uliokausha mashamba ya bara ya Kilifi. Alikuwa hajafika miaka miwili, tumbo limemjaa na nywele zimekuwa nyekundu. Aliletwa na hawe yake kutoka Marafa. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na nitamwita hivyo kwa sababu ndivyo Kitinda anavyomwita. Mama wa mtoto alikuwa amefariki. Baba alikuwa Mombasa, kibarua cha mjengo, leo kipo, kesho hakipo. Hawe hakuja kumtupa mjukuu. Alisema, "Nishikieni mpaka mvua inyeshe."

Mvua ilinyesha. Mtoto hakurudi.

Ubao wa langoni kwetu uliandikwa kwamba tunalea yatima. Katika dini yangu yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, na mitaani tunamwita hivyo hata aliyefiwa na mama. Sawa. Lakini mgeni akiusoma ubao ule alielewa mtoto asiye na mtu duniani. Kati ya wale ishirini na saba, wasio na ndugu hata mmoja anayejulikana walikuwa wanne. Waliobaki walikuwa na bibi, shangazi, mjomba, wengine na mama mzazi aliye hai asiye na karo wala unga.

Neno la kwanza nililomsikia Kitinda akilitamka vizuri ni "ciao". Waitaliano hulitumia neno hilo wanapokutana na wanapoagana. Sisi tuna hodi na tuna kwaheri, na mtoto mdogo anajua ipi ni ipi. Yeye, aliyeingia na aliyetoka wote walimwambia neno lile lile moja.

Na alikuwa mtoto wa watu wote. Lango likifunguliwa alikimbia na kuinua mikono abebwe, awe mgeni, awe muuza maji, awe fundi wa umeme ambaye hajamwona maishani. Wageni walilia kwa furaha. "Amenipenda!" Nami niliona ni tabia njema, mtoto mchangamfu. Kitu kimoja tu kilinitatiza: mwanangu wa kumzaa, katika umri ule, mgeni akiingia alijificha nyuma ya leso yangu. Na Kitinda akianguka hakulia. Aliinuka, akapangusa magoti, akaendelea. Wahenga walisema yatima hadeki. Mimi nilidhani methali hiyo inamfunza yatima adabu. Siku hizi naisikia kama kilio. Mtoto hudeka kwa mtu anayejua atamvumilia, na kama kila anayemvumilia ana tarehe ya kuondoka, adeke kwa nani?

Niliyaelewa haya vizuri kwenye mafunzo tuliyopewa walezi. Tuliambiwa kuhusu utafiti ulioanza mwaka 2000 huko Bucharest, Romania, wa watoto wadogo 136 waliokuwa vituoni. Nusu walipelekwa kulelewa katika familia, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya vituo, kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Waliopata familia walikua vizuri zaidi, hasa waliotolewa kabla ya miaka miwili. Na ile tabia ya kumrukia mgeni yeyote iliandikwa kama dalili ya mtoto aliyekosa mtu wake mmoja. Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe. Sikuweza kula chakula cha mchana.

Kuna jambo nimelificha muda mrefu, nalo lazima liingie humu. Jumapili moja hawe alikuja kumwona mjukuu wake. Alitoka Marafa alfajiri, akavuka mto Sabaki kwa matatu, na nauli hiyo ilikuwa makuti aliyoshona wiki nzima. Alileta maembe ndani ya kikapu. Siku hiyo kulikuwa na wageni, na mmoja wao alimbeba Kitinda na kumlisha biskuti. Hawe alikaa kwenye benchi la ukumbini akisubiri zamu yake. Mgeni aliuliza bibi yule ni nani. Akajibiwa ni mama wa kijijini anayekuja kutusaidia. Mimi Kiitaliano nilikuwa nimeshakiokota kwa wageni, nikasikia kila neno. Nikanyamaza. Nilikuwa na karo ya wanangu ya kulipa, lakini ukweli ni kwamba nilinyamaza. Hawe aliacha maembe jikoni akaondoka kabla ya adhuhuri ili apate gari.

Siwatii wageni wote kapu moja. Alikuja mwanamke mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akakaa wiki tatu. Tulikuwa na mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye alilala chali mchana kutwa, tukimlisha hivyo hivyo, na mara nyingi akipaliwa. Yule mwanamke alitufundisha sisi walezi jinsi ya kumkalisha, kidevu kikae vipi, kijiko kiingie kutoka wapi. Kisha tukatengeneza kiti: maboksi na magazeti tuliyoyagundisha tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga wa ngano, tukayaanika juani mpaka yakawa magumu kama ubao. Mtoto alikaa, akatazama wenzake wakicheza. Sikumbuki kuona mgeni yule akipiga picha. Alipoondoka hakuna mtoto aliyelia, kwa maana hakuna aliyefanywa amzoee, na kazi yake ilibaki mikononi mwetu. Kile kiti tulitengeneza kingine baadaye, sisi wenyewe.

Mambo ya sheria nayapitia haraka. Tangu 2017 serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto. Mwaka 2022 ukaja mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia na jamii, na mwaka huo huo Sheria mpya ya Watoto, ambayo imeitambua hata kafala, malezi tunayoyajua sisi Waislamu ya kumchukua mtoto umlee bila kumvua nasaba yake. Umoja wa Mataifa nao mwishoni mwa 2019 ulishataja wazi madhara ya utalii na kujitolea katika vituo vya yatima. Kwetu ilimaanisha afisa wa watoto alikuja na faili, akauliza kila mtoto ana nani.

Kitinda alirudishwa Agosti 2024. Mimi ndiye niliyempeleka. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu, sitadanganya. Aliamka usiku akiita mama, na hawe hakujua ni mama yupi anayeitwa. Alifuata wapita njia barabarani mpaka majirani wakawa wanamrudisha kwa mkono. Nilikwenda mara mbili, kisha afisa akanishauri nisiende kwa muda, mtoto apate kujua nyumbani ni wapi. Ilikuwa miezi mitano. Niliuhesabu kila mmoja.

Siku hizi nimeacha kituo. Mimi mwenyewe ni mjitoleaji sasa, natembelea familia za mtaani kwetu na kuripoti mtoto akiwa hatarini. Napita nyumba ambazo hakuna mgeni amewahi kuziona. Hawe amepita miaka sabini na hupata shilingi 2,000 kwa mwezi za wazee za Inua Jamii, mpango wa serikali. Ndizo za unga, sare na daftari. Nikifikiria tiketi moja ya ndege kutoka Ulaya, hesabu inanikaba kooni.

Kwa hiyo nitamwandikia yule dada hivi: Malindi ni kwako, njoo, utapikiwa wali na samaki nyumbani kwangu. Kama una ufundi, tufundishe sisi tunaobaki. Kama una pesa, iende kwa bibi kama hawe, kwa njia ambayo afisa anaijua. Lakini usije kubebana na watoto. Wakikuhitaji, watakuhitaji na Aprili pia, na Aprili hutakuwepo.

Jana basi. Nilishuka Marafa saa nne, matope mpaka vifundoni. Hawe alikuwa barazani anachambua kunde. Kitinda alikuwa anachezea gurudumu la waya. Nikapiga hodi, nikafungua mikono kama nilivyozoea.

Alinitazama. Kisha akakimbilia kwa hawe, akajificha nyuma ya leso yake, nikaona jicho moja tu.

Kilinichoma, na papo hapo nikataka kucheka kwa furaha. Hawe alimvuta mbele anisalimie. Akanipa mkono mmoja, wa pili umeng'ang'ania leso. Baadaye, akiteleza kwenye matope, aliangua kilio cha kusikika mpaka kwa jirani, na hawe akainuka huku akinung'unika, "Huyu siku hizi anadeka, mwanangu, hata sijui nimfanyeje."