Wiki ya 11: madoa meupe, ndimu na udongo wa ibushi

Wiki kadhaa sijaandika kitu kuhusu safari yangu ya kujifunza ufinyanzi, vyungu viliniumiza roho kwakweli, ila sasa tatizo nimeshalijua kwahiyo ngoja nianze mwanzo.

Uchomaji wa pili ulienda vizuri sana, yani siku ile nililala na furaha. Vyungu tisa, vyote vimetoka vyekundu na mabaka meusi pale kuni zilipoegemea, nikakigonga kimoja kimoja kwa kucha na kila kimoja kikalia nging', sio ile dup ya chungu chenye ufa. Nikavipanga kwenye shelfu uani hapa Buhongwa, Mwanza. Siku ya nne asubuhi naenda kufagia nakuta vigamba chini ya shelfu, vya duara, vidogo kama magamba ya sato. Nikajua ni watoto wamegonga. Siku ya sita vigamba vimeongezeka, na chungu kikubwa kuliko vyote, kile nilichokipandisha kwa kamba za udongo moja juu ya nyingine siku mbili nzima, kina mashimo kumi na moja tumboni. Nikakitoa juani nikaangalia kwa karibu, kila shimo ni pana juu jembamba chini, na kule chini kabisa pana kidoa cheupe kama punje ya ulezi. Nikakigusa kwa ncha ya sindano kikawa unga.

Chokaa hiyo. Udongo wangu ulikuwa na vijiwe vya chokaa ndani, vidogo mno hata mkono hausikii wakati wa kukanda. Moto ukifika kwenye nyuzi 800 na kitu kile kijiwe kinapoteza hewa ya kaboni na kubaki chokaa kavu, ile ya waashi kabla haijazimwa kwa maji. Chungu kikishapoa chokaa inaanza kuvuta unyevu wa hewani polepole, na hapa ziwani unyevu upo tu, af ikishakunywa inavimba, na kwa sababu haina pa kwenda inarusha kipande cha chungu nje. Ndio maana haionekani siku ya kuchoma. Inakungojea ufurahi kwanza.

Nikachukua donge la udongo mbichi uliobaki nikaukausha, nikaponda, nikakamulia ndimu. Ukatoa povu, povu la kusikika kabisa ukiweka sikio. Udongo wa kichuguu wa nyuma ya nyumba nikaukamulia hivo hivo, kimya. Kipimo hiki kinachukua dakika tano na ndimu moja na mi nilikaa wiki kibao bila kukifanya, kwahiyo wewe unayeanza tafadhali kamua ndimu kabla hujabeba hata kiroba kimoja.

Jumamosi nikapanda daladala na kiroba changu mpaka kwa bibi kule Sangabuye, amefinyanga tangu msichana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono kwenye kiroba hata maji sijanywa. Akachukua kidogo akakiweka kati ya meno ya mbele akakisaga taratibu, akatema. Akaniuliza nimechimba wapi. Nikamwambia mbugani, yani kwenye bonde la udongo mweusi, upande wa Magu, kwenye mashamba ya mpunga, ila katikati palikuwa na maji nikachimba pembeni panapoanza kupanda.

"Mjukuu wangu, hapo pembeni sio mbuga, hapo ni ibushi. Na hata ungechimba katikati, ile mbuga mwachie mpunga."

Nimekulia Usukumani na haya majina nayasikia tangu mdogo lakini nilidhani ni ya wakulima tu. Juu mlimani kwenye majabali ni luguru, ukishuka unakuta luseni, mchanga wa granaiti, chini zaidi itogolo, udongo mgumu, halafu ibushi yenye chokaa, halafu mbuga nyeusi. Wazee waliusoma udongo mlima mzima na kila hatua wakaipa jina, na ukilijua jina unajua tayari kama chungu kitasimama. Hili limenigusa sana.

Na kuhusu mbuga bibi hakukosea. Nilifanya kipimo cha vijiti, unakata kijiti cha udongo mbichi, unachora mstari wa sm 10 juu yake, unaacha kikauke kivulini halafu unapima tena. Ule weusi wa mbugani ulibaki sm 8.6, yani umesinyaa asilimia 14, na kijiti kimejikunja kama kaukau. Udongo anaotumia bibi, wa kijivu, wa bondeni karibu na kwake, ulibaki sm 9.3. Asilimia 7 inavumilika.

Kwahiyo nimeanza upya na udongo wa kijivu. Nauloweka kwenye ndoo ya lita 20 siku tatu, nakoroga mpaka unakuwa uji, nachuja kwa chandarua kuukuu kilichokunjwa mara mbili, naacha utuame, namwaga maji ya juu, namimina uji kwenye shuka lililotandikwa juu ya gunia. Ukishaweza kushikana nakanda mpaka ukikata kwa waya huoni tundu la hewa. Vikombe vitatu vya udongo kwa kimoja cha vigae vilivyopondwa, na ndio, vigae vya vile vilivyoharibika, isipokuwa vyenye madoa meupe, hivyo nimevitupa mbali kabisa kwa sababu chokaa ingerudi kwa mlango wa nyuma. Vigae vinafungua njia ya maji kutoka na vinapunguza kusinyaa.

Kitako nimeacha kukifanya bapa. Vitatu vya bapa vilinipasukia katikati, na cha mviringo kinapokea moto sawasawa pande zote na kinakaa vizuri kwenye mafiga. Kwenye vibakuli nabonyeza kidogo kwa kidole gumba chini katikati, nimependa tangu nilipoona picha za vyungu vya Urewe, vile vya watu walioishi kuzunguka ziwa hili yapata miaka 2000 iliyopita na waliokuwa wakifua chuma pia, jina limetoka Siaya kule Kenya ila na Kagera vimechimbuliwa. Kubonyeza mahali pale pale walipobonyeza wao, kwa udongo wa ziwa lile lile, mi hunitoa machozi kabisa.

Uchomaji wa tatu nilifanya Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka, maana upepo ukipiga upande mmoja chungu kinalia tii na kimeisha. Kwanza saa mbili nzima kuvipasha kwa moto mdogo, vimefunikwa kifudifudi, mpaka kioo nikikiweka karibu hakipati mvuke. Halafu samadi kavu, kuni, juu majani na pumba za mpunga. Na kupoa nako ni kazi, ukipita nyuzi 573 mchanga wa mawe ya granaiti ulioko ndani ya udongo unabadilika ghafla, kwahiyo sikufukua majivu mpaka jioni ingawa mikono ilikuwa inawasha.

Vimetoka saba kati ya nane. Kimoja kilipasuka shingo, hiyo najua, nilipachika shingo mwili ukiwa umekauka mno.

Leo ni siku ya 19. Kila asubuhi nafagia chini ya shelfu na kupitisha kidole kwenye tumbo la kila chungu, na mpaka sasa hakuna kigamba hata kimoja. Kile kidogo nimekipikia uji mzito wa muhogo jana usiku ili uzibe vitundu, kimevuja kidogo mwanzoni halafu kikaacha. Kesho naweka maharage.