Siku moja maishani mwangu: nikiijenga sayari ya Dumari

Saa mbili asubuhi. Kazi yangu ni kubuni sayari za michezo ya kompyuta, na sasa niko Dumari, inayozunguka nyota kibete nyekundu. Wenzangu wengi huanza na viumbe. Mimi huanza na mawe. Viumbe watafuata wapende wasipende.

Nyota ya aina hiyo ni hafifu, kwa hiyo sayari lazima ikae karibu nayo ili maji yasigande. Proxima Centauri b, sayari halisi ya nyota kama hiyo, iliyogunduliwa mwaka 2016, humaliza mzunguko wake kwa siku 11 hivi. Kwa ukaribu huo, sayari huelekea kuionyesha nyota uso uleule daima, kama Mwezi unavyotufanyia. Basi Dumari ina mchana wa milele upande mmoja, usiku wa milele upande wa pili, na katikati ukanda wa utusitusi. Maisha yote nimeyaweka hapo.

Saa nne. Volkano. Zinahitaji joto la ndani, na sayari hulipata mvuto wa nyota unapoikandakanda. Njia ya duara kamili haiikandi hivyo, nayo hupoa. Nimeipa Dumari jirani mzito anayeivuta ili njia yake ibaki duaradufu. Sikubuni kitu: miezi Europa na Ganymede huifanyia hivyo Io, mwezi mwenzao wa Mshtarii wenye volkano hai zaidi ya 400. Tena duaradufu hiyo imenipa zawadi nisiyoitarajia. Pale ukandani, nyota huchungulia kidogo juu ya upeo wa macho kisha huzama, kila mzunguko. Wenyeji wamejipatia kalenda!

Saa saba. Nakula, najibu ujumbe. Hakuna la maana.

Saa nane. Mchoraji wetu anapiga simu.

“Kaka, nataka kereng'ende wa mita mbili.”

“Haiwezekani, dada.”

Meganeura, mdudu wa kale aliyefanana na kereng'ende, aliyeishi miaka milioni 300 hivi iliyopita, alikuwa na upana wa mabawa wa karibu sentimita 70, na wataalamu wengi wanauhusisha ukubwa huo na wingi wa oksijeni. Hewa yetu ina asilimia 21. Dumari nimeipa 14.

“Kwa nini unawabania hewa?”

Kwa sababu ya moto. Kwa kiwango hicho kuni hazishiki. Pasipo moto hakuna makaa, na pasipo makaa hakuna kuyeyusha shaba wala chuma. Wadumari wanaweza kuwa na akili kama zetu, lugha, ugomvi wa mirathi, na bado wakabaki na zana za mawe. Nachukia michezo inayomfanya mtu wa zama za mawe kuwa mjinga. Hawa hawakukosa akili, wamekosa hewa.

Saa kumi. Hapa ndipo napofurahia kazi. Joto lao linatoka ardhini: wanapika kwenye chemchemi zinazotokota, na kijiji huhama chemchemi ikikauka. Visu vyao ni vya kioo cha volkano, ambacho makali yake hushinda hata ya chuma cha pua. Lakini kioo hicho hutokana na lava yenye silika nyingi inayopoa upesi, si kila mlima unacho. Kwa hiyo wenye machimbo ndio matajiri, na ramani ya miamba imegeuka ramani ya biashara na vita.

Saa kumi na mbili jioni. Namtumia mchoraji ramani. Anajibu: “Sawa, kereng'ende wa sentimita kumi. Ila awe mweusi.” Mweusi nakubali.