Zamu ya Mwali, Zamu ya Nzwani

Kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa Hahaya, kisiwani Ngazija, ndege huchukua muda unaozidi saa moja kidogo tu, lakini sikusafiri ili nikae Moroni, mji mkuu. Nilikuwa nimenuia kufika Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu vya Muungano wa Komoro, kwa kuwa ni huko, katika mji wa Fomboni, ndiko yalikotiwa saini tarehe 17 Februari 2001 makubaliano yaliyoinusuru nchi hiyo isivunjike. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, na hofu ya kisiwa kidogo kumezwa na kikubwa sikuhitaji kufafanuliwa na mtu.

Nilishuka kwa gari hadi Chindini, kusini mwa Ngazija, nikapanda boti ya faiba iendayo Hoani, nikafika Mwali nikiwa nimelowa.

Fomboni nilikaribishwa kahawa na mzee mmoja aliyekulia Unguja, ambaye Kiswahili chake hakijapotea. Nilimuuliza kuhusu Agosti 1997, wakati kisiwa cha Nzwani, na siku chache baadaye Mwali, vilipotangaza kujitenga. Alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Mwanangu, hatukujitenga kwa chuki. Mishahara haikuwa ikilipwa, na kila jambo, hata dogo, lazima lingoje Moroni." Aliongeza kwamba waliokuwa wakivuka kwenda Maore, kisiwa kilichobaki mikononi mwa Ufaransa wakati wenzake walipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, walirudi na habari za hospitali na mishahara ya uhakika. Ndiyo maana kule Nzwani wako waliofikia hatua ya kupandisha bendera ya mkoloni wa zamani na kuomba warudishwe chini yake, ombi ambalo Ufaransa yenyewe ililikataa. Moroni ilijibu kwa kupeleka wanajeshi wapatao 300 mwezi Septemba, nao wakashindwa. Naamini hilo lilikuwa kosa kubwa, kwani watu waliolalamikia utawala mbovu walipelekewa bunduki.

Makubaliano ya Fomboni yalizaa katiba ya Desemba 2001, ambayo ilikipa kila kisiwa rais wake na serikali yake, na kuufanya urais wa Muungano kuwa wa zamu. Kisiwa chenye zamu kilipiga kura ya mchujo peke yake, kisha wagombea watatu wa mwanzo wakapigiwa kura na visiwa vyote. Kwa utaratibu huo Mwanzwani aliwahitaji wapiga kura wa Ngazija ili ashinde. Mfumo huo ulikuwa na gharama, maana nchi ndogo namna ile ilijikuta na marais wanne, lakini mwaka 2006 madaraka yalipita kwa amani kutoka kwa Azali Assoumani wa Ngazija kwenda kwa Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani, katika nchi iliyokwisha kuzoea mapinduzi.

Mzee yule alinionyesha barabara ambayo watu wa Mwali waliandamana mwaka 2010, Sambi alipotaka kubaki madarakani baada ya muda wake kwisha. Hawakukubali, na mwaka uliofuata Ikililou Dhoinine, mtoto wa Mwali, akaapishwa. "Siku ile," aliniambia, "hata sisi tulikuwa nchi."

Nilivuka kwenda Nzwani kwa ndege ndogo, nikalala Mutsamudu, mji wa mawe wenye vichochoro vilivyonikumbusha Mji Mkongwe. Mwenyeji wangu, mwalimu wa sekondari, alipojua nimetoka Tanzania alinikumbusha tarehe 25 Machi 2008, siku ambayo wanajeshi wetu walishuka hapo pamoja na wale wa Sudan na wa Komoro, chini ya Umoja wa Afrika, kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyeng'ang'ania urais wa kisiwa. Bacar alikimbilia Maore. "Mlikuja kulinda katiba, ndugu yangu," alisema mwalimu kwa upole, "na tuliwashukuru."

Hakuhitaji kuniuliza tulikuwa wapi baadaye. Kura ya maoni ya Julai 2018 iliibadili katiba ile ile, ikamruhusu rais aliye madarakani, Azali aliyerudi mwaka 2016, kugombea tena mfululizo. Oktoba mwaka huo vichochoro nilivyopita asubuhi vilifungwa kwa vizuizi, na wapinzani wenye silaha wakapambana na jeshi kwa siku kadhaa. Niliumia kusikia hayo nikiwa nimeketi barazani hapo hapo, kwa sababu zamu ilikuwa ahadi, na ahadi hiyo ndiyo iliyovirudisha visiwa viwili nyumbani.

Mwalimu alikunjua vidole kimoja kimoja. "2002, Ngazija. 2006, sisi. 2011, Mwali. 2016, Ngazija tena." Kidole gumba kilibaki kimekunjwa kiganjani. Ilikuwa zamu ya Nzwani, mwaka 2021. Adhana ya magharibi ilisikika, akainuka kwenda kutia udhu.