Steringi Hafi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Jumamosi nilikwenda Mikindani kumfuata mjukuu wangu banda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea picha za video. Nje pale kuna dada anakaanga mihogo. Alivuka Ruvuma kuja kwetu baada ya mji wa Palma, kule Msumbiji, kushambuliwa, Machi 2021. Ndani picha lilikuwa limefika patamu: bunduki zinarindima, spika zinatetemesha mabati, watoto wanashangilia. Nikamwona yule dada kauinua upawa na kuuacha hewani. Mihogo inaungua, hageuzi. Milio ilipokoma ndipo akashusha pumzi, akaniuliza kama nataka na pilipili.

Mjukuu alipotoka nikamuuliza, wamekufa wangapi?

"Wengi, babu. Lakini maadui tu."

Wanaitwa nani? Akacheka.

Sikumgombeza. Nami nimekulia humo humo, enzi za mikanda na jenereta, na sote tulijua steringi, yule shujaa wa picha, hafi. Ila sikumbuki hata siku moja tuliyoulizana kuhusu wale wengine.

Somo letu wiki hii ni Mwanzo 4. Mauaji ya kwanza katika Biblia ni ya mtu mmoja, na jina lake tunalo: Habili. Mungu haipiti ile maiti. Anauliza, "Yuko wapi Habili ndugu yako?" Kisha anasema, "Sauti ya damu ya ndugu yako inanililia kutoka katika ardhi." Kwenye picha mtu anapigwa risasi, anadondoka, mwenzake anamruka kama gogo la mkorosho. Hana mama wala matanga. Huku kwetu hata mgeni asiye na ndugu akifa, mkeka unatandikwa na vijana wanashika majembe.

Oktoba 2021 huko New Mexico, Marekani, bastola ya kuigizia ilikutwa na risasi ya kweli. Ikamuua Halyna Hutchins, mpiga picha wa filamu iliyokuwa ikitengenezwa, mama wa mtoto mmoja. Kamera zikazimwa. Mahali palipozoea vifo vya kuigiza, kimoja cha kweli kilisimamisha kazi yote.

Banda sijamkataza (na ningemkataza angepitia dirishani). Nimempa sharti: kila picha achague adui mmoja, ampe jina, aje anieleze kwao ni wapi.

Jana karudi. Wa kwake anaitwa Saidi, ana mdogo wake anayemsubiri waende kuvua. Nikamuuliza, sasa huyo mdogo nani atamwambia? Akanyamaza kidogo, akaomba hela ya mihogo.